Karatasi halali, kipimo kisichofaa

NILIFIKA Oltepesi, kaunti ya Kajiado, kabla ya saa nne asubuhi, na tayari jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Jina lenyewe ni la mti. Kwa Kimaasai, oltepesi ni mgunga ule wenye kichwa bapa kama mwavuli, na chini ya mgunga wa namna hiyo ndipo tulipowekewa viti. Aliyeniita ni mwalimu wa Kiswahili niliyemfundisha chuoni miaka mingi iliyopita. "Mwalimu, njoo ujionee mwenyewe," alikuwa ameniambia kwa simu. "Watoto wangu wanakijua Kiswahili, lakini karatasi inasema hawakijui. Sasa mimi nimwamini nani?"

Karatasi aliyoizungumzia ilikuwa ya majaribio, moja ya zile zinazotungwa na watu binafsi na kuuziwa shule. Niliipitia swali baada ya swali. Lililonisimamisha ni lile la vikembe vya wanyama: mtoto wa punda huitwaje? Majibu ya kuchagua yalikuwa ndama, kihongwe, kitungule na shibli. Karibu darasa zima lilichagua ndama, na karibu darasa zima likakosa.

Nikamwomba mwalimu aniitie mwanafunzi mmoja ambaye alama zake zilikuwa za chini. Akaja mvulana wa gredi ya 6, mwembamba, mikono nyuma. Nilimwambia anieleze habari za punda, basi. Alinitazama kidogo kama mtu anayejiuliza mzee huyu ametoka wapi asiyejua punda. Kisha akaanza. Alinieleza kwamba punda akizaa, mtoto humfuata mama yake hadi penye maji, na ukimfunga mama nyumbani, mtoto naye haendi mbali. Akasema mtoto wa punda hapakiwi mitungi mapema kwa sababu mgongo wake "bado ni laini, mwalimu, utaharibika na hatakuja kuwa punda wa maana". Alinieleza namna ya kuwatambua punda wa jirani, na kwa nini punda aliyechoka hupigi, unamsubiri. Alizungumza kwa dakika tano hivi. Alisema 'zile punda' badala ya 'wale punda' mara mbili tatu, lakini ni nani nchini Kenya asiyesema hivyo? Nilimwelewa neno kwa neno, na nilijifunza jambo.

Mvulana huyo hajui neno kihongwe. Je, hajui Kiswahili?

Kabla hujamlaumu mtungaji wa ile karatasi, msomaji, acha nikiri. Mimi mwenyewe nimetunga maswali ya namna hiyo. Nilikuwa kijana, nikapewa siku mbili kutunga maswali hamsini, na njia ya mkato ilikuwa kufungua orodha: vikembe, makundi, malipo, tanakali. Swali la orodha hutungika haraka, jibu lake ni moja, na hakuna atakayekubishia. Isitoshe, hata neno kihongwe si imara tunavyodhani, kwani kuna watumizi wa lugha ambao kwao 'punda kihongwe' ni aina ya punda wa bara, wala si mtoto wake. Lakini jibu lilikuwa kwenye mwongozo, na mwongozo ulikuwa mezani.

Jambo lililokuwa likimkera mwalimu wangu lina jina katika taaluma ya upimaji. Waandishi wa Kiingereza huliita 'validity', na sisi tunaotafsiri tumezoea kuliita uhalali. Ninakiri kuwa neno hilo halinitulizi. Uhalali unatoka kwa halali, na halali ni kile kilichoruhusiwa: nyama halali, ndoa halali, hati halali. Ukimwambia Mkenya wa kawaida kuwa mtihani fulani 'si halali', ataelewa kuwa uliibwa. Na hatakuwa amekosea, maana ndivyo tulivyomzoeza. Kila ifikapo Oktoba na Novemba, mazungumzo yetu kuhusu mitihani ni ya udanganyifu. Tangu mageuzi ya mwaka 2016, wakati Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Elimu na George Magoha mwenyekiti wa Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC), tumejua kila kitu kuhusu makontena ya mitihani, kufuli zake, saa za kufunguliwa kwake na askari wanaoyalinda. Hiyo kazi ilihitajika, wala siidharau hata kidogo. Lakini kufuli hulinda kilichomo ndani, halikichunguzi. Karatasi inaweza kutoka katika kontena na muhuri wake haujaguswa, ikafanywa kwa unyofu mtupu, ikasahihishwa bila upendeleo, na bado ikawa imepima kitu kingine kabisa.

Ndiyo maana mimi hupendelea neno ufaafu, kutokana na kitenzi kufaa. Kitu hakifai hivi hivi tu. Kinafaa kwa jambo fulani. Jembe linafaa kulima, halifai kunyolea. Na katika kitenzi hicho ndimo ulimo ukweli ambao wataalamu wa upimaji walichukua miongo kadhaa kuufikia.

Mwaka 1927, Mmarekani Truman Kelley alisema swali la ufaafu ni kama mtihani unapima kile unachodai kupima. Wanafunzi wengi wa ualimu hukariri maelezo hayo hadi leo, na si mabaya. Kasoro yake ni kwamba yanaufanya ufaafu uonekane kama sifa iliyomo ndani ya karatasi, mithili ya rangi ya wino. Lee Cronbach na Paul Meehl, katika makala yao ya mwaka 1955, walionyesha kuwa vitu tunavyopima katika elimu na saikolojia, kama vile akili, umilisi wa lugha au wasiwasi, havionekani kwa macho. Tunaona majibu tu, kisha tunakisia kilicho nyuma yake, na ukisiaji huo ndio unaohitaji kutetewa kwa ushahidi. Samuel Messick akalikamilisha wazo hilo mwaka 1989: hatuthibitishi mtihani, tunathibitisha tafsiri tunayoipa alama na matumizi tunayoyafanya nayo.

Maneno hayo ni mazito, kwa hiyo niliyashusha kwa mwalimu wangu kwa mfano wa ng'ombe, maana tulikuwa Kajiado. Wafugaji wengi wameona ule utepe ambao wataalamu wa mifugo huuzungusha kifuani mwa ng'ombe, nyuma ya miguu ya mbele, kisha wakasoma uzito wake kwa kilo. Fikiria kinachotendeka. Utepe haupimi uzito. Unapima mzunguko wa kifua, na huo unaupima sawasawa. Kilo zilizoandikwa juu yake ni kauli ya mtu aliyewahi kupima ng'ombe wengi kwa utepe na kwa mizani, akaona kifua cha ukubwa huu huendana na uzito huu. Sasa, kama ng'ombe hao walikuwa wa maziwa, wa kizungu, halafu wewe ukauzungusha utepe huohuo kwenye kifua cha zebu wa Oltepesi, sentimita zitakuwa kweli na kilo zitakuwa uongo. Utepe ni uleule. Kilichoharibika ni ile hatua ya kutoka kwenye sentimita kwenda kwenye kilo.

"Na ukirudia kupima mara kumi?" mwalimu aliuliza. Swali zuri. Utapata jibu lilelile mara kumi. Huo ni uthabiti, na uthabiti ni dada yake ufaafu lakini si pacha wake. Kipimo kisicho thabiti hakiwezi kufaa, ila kipimo kinaweza kuwa thabiti ajabu katika kukosea. Karatasi za kuchagua A, B, C au D zina uthabiti mkubwa wa usahihishaji, kwa sababu mashine haichoki wala haina shemeji. Tumeupenda uthabiti huo hadi tukasahau kuuliza swali la pili.

Turudi kwa punda. Messick alitaja maradhi mawili makuu ya upimaji, na ukitaka kuyakumbuka fikiria muuza maziwa asiye mwaminifu. La kwanza ni kupunja: kipimo kinaacha nje sehemu kubwa ya kile kinachodai kupima. Mtaala wa Kiswahili wa shule zetu za msingi unaanza na stadi ya kusikiliza na kuzungumza, lakini tathmini ya kitaifa ya gredi ya 6, KPSEA, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, ni ya kuchagua majibu. Mtoto hafungui kinywa, wala haandiki sentensi hata moja yake mwenyewe. Ile KCPE tuliyoizika mwaka 2023 ilikuwa na dhambi zake, lakini angalau ilikuwa na karatasi ya Insha. La pili ni kutia maji: ndani ya alama mnaingia kitu kisichohusika. Mtoto wa mtaa wa ghorofa kule Kitengela anayelijua neno kihongwe mara nyingi hakulipata kwa kuishi na punda wala kwa kuishi na Kiswahili. Alilipata katika kitabu cha marudio kilichonunuliwa na mzazi wake, au kwa mwalimu wa tuisheni. Kwa hiyo swali lile, pamoja na msamiati kidogo, linapima mfuko wa mzazi.

Hapa mwalimu wangu alifurahi mno, nami ikabidi nimpunguzie furaha. Si kila pengo kati ya Oltepesi na Kitengela ni kosa la karatasi. Kama shule moja ina vitabu na nyingine haina, kama mtoto mmoja hutembea kilomita kadhaa na kufika darasani amechoka, basi huenda kweli amejifunza machache, na karatasi inayosema hivyo inasema kweli ichomayo. Ukivunja utepe, ng'ombe hanenepi. Njia ya kutenganisha mambo haya ipo. Unawachukua watoto wa pande zote mbili ambao katika mtihani mzima wana uwezo unaolingana, kisha unatazama swali mojamoja. Swali ambalo watoto wa upande mmoja hulikosa mno kuliko wenzao wenye uwezo uleule ni swali linaloegemea upande, na lazima lichunguzwe.

Ili kuonyesha ninachomaanisha, nilimwomba yule mvulana aandike yale aliyonisimulia. Aliandika nusu ukurasa. Hapakuwa na nukta hata moja, maneno yalikuwa yameshikana, na habari ya mgongo laini ilikuwa imetoweka. Mwalimu alinyamaza. Basi tazama: kauli kwamba mvulana huyu hajui Kiswahili ni ya uongo, na kauli kwamba hajajua kuandika Kiswahili ni ya kweli. Alama yake ya chini haikusema lolote kati ya hayo mawili. Alama ni tarakimu, haina kinywa. Sisi ndio tunaoibandika kauli, kisha tunaapa kuwa karatasi ndiyo iliyosema.

Kenya, kwa bahati, imetoa mifano ya suala hili inayosomwa duniani kote. Maarufu zaidi ni utafiti wa Usenge, karibu na Ziwa Viktoria, ambao Robert Sternberg na wenzake, akiwemo Profesa Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, waliuchapisha mwaka 2001. Watafiti walitunga mtihani wa maarifa ya dawa za miti shamba, zile ambazo watoto wa kijijini huzitumia kujitibu, kisha wakawapa watoto 85 mtihani huo pamoja na vipimo vya kawaida vya akili na vya shule. Wengi wetu tungetarajia mtoto mwerevu awe mwerevu kotekote. Wao waliona kinyume. Waliofanya vizuri katika dawa walielekea kufanya vibaya katika msamiati wa Kiingereza. Pengine familia zilizowekeza katika shule hazikuona haja ya mtoto kujua majani, na zilizowekeza katika majani hazikuitarajia shule. Vyovyote iwavyo, anayetoka Usenge na karatasi ya msamiati mkononi na kusema 'hii ndiyo akili ya watoto hawa' amezungusha utepe wa Friesian kwenye zebu.

Na hapa lugha yenyewe ina la kutufunza. Watafiti hao waliwauliza Waluo wanasemaje kuhusu mtu mwenye akili, wakapewa maneno manne: rieko, luoro, paro na winjo. Rieko ndilo pekee lililokaribia kile ambacho vipimo vya shule hupima. Luoro lina heshima ndani yake, na winjo lina kusikia na kuelewa mambo ya wenzako. Miaka ya sabini, Sara Harkness na Charles Super waliokuwa wakiishi Kokwet, miongoni mwa Wakipsigis, walikuta neno ng'om likitumiwa kwa mtoto mwerevu, lakini wenyeji walitofautisha werevu wa shuleni na werevu wa nyumbani, yaani wa mtoto anayeona kazi bila kuambiwa. Sisi Waswahili tunalo neno akili, na tuna werevu, ujanja, busara na hekima, na hakuna mama anayeyachanganya. Anayechanganya ni mtafsiri wa vipimo, anayechukua neno moja la kigeni akalibandikia 'akili' na kudhani kazi imekwisha.

Usidhani, hata hivyo, kuwa jambo hili halina dawa. Miaka ya sabini, mtihani wa CPE uliofungia shule ya msingi ulilaumiwa kwa kupenda mambo ya kukariri. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972 ilikuwa imekwisha kuunyooshea mfumo wa elimu kidole. Anthony Somerset, aliyefanya kazi na kitengo cha mitihani, alishiriki katika kuyabadilisha maswali: yakapunguzwa ya kukumbuka, yakaongezwa ya kufikiri na ya kutumia maarifa katika maisha ambayo mtoto wa kijijini anayaishi. Kisha shule zikapelekewa jarida lililowaeleza walimu ni maswali gani watoto walikosa na kwa nini. Wazo lake lilikuwa rahisi: mwalimu atafundisha kinachotahiniwa, umlaumu usimlaumu, basi tahini kinachostahili kufundishwa.

Kiswahili chenyewe ni ushahidi wa nguvu hiyo. Katika CPE hakikutahiniwa. Kilipoingia KCPE ya kwanza mwaka 1985 kama somo la lazima, kiliamka kote nchini: walimu wakatafutwa, vitabu vikachapishwa, nasi wengine tukapata kazi. Mtihani ulikijenga. Lakini mtihani huohuo ulizaa vitabu vya orodha, na orodha zikamzaa mtoto wa gredi ya 6 anayejua shibli, kitungule na kihongwe ilhali hawezi kukueleza njia ya kwenda sokoni. Wapo wataalamu, James Popham mmojawapo, wanaosema matokeo ya namna hii yasihesabiwe ndani ya ufaafu. Yapimwe, ndiyo, lakini kando. Mimi nipo upande wa Messick. Anayetumia alama kuamua maisha ya mtu hawezi kusema yanayofuata hayamhusu.

Na maisha yanaamuliwa kweli. Wanafunzi wa gredi ya 9 waliofanya KJSEA ya kwanza mwaka 2025 walipangwa kwenda sekondari pevu kwa hesabu hii: asilimia 60 kutoka KJSEA, 20 kutoka tathmini za shuleni, na 20 kutoka KPSEA waliyoifanya wakiwa gredi ya 6. Wakaingia katika njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kwa hiyo alama ya gredi ya 6 sasa ina kauli mbili mgongoni. Ya kwanza ni 'huyu anajua hiki'. Ya pili ni 'huyu atafaa kule', na huo ni utabiri. Ushahidi wa kwanza hauutoshelezi wa pili. Utabiri huthibitishwa kwa kuwafuata watoto hao hadi mwisho wa njia zao na kuona kama waliotabiriwa kufaulu walifaulu, na kama walioelekezwa kwingine wangefaulu pia. Kazi hiyo ni ya miaka, na kundi la kwanza limeingia gredi ya 10 Januari 2026. Ningependa kuona KNEC na vyuo vikuu vyetu wakianza kuhesabu sasa.

Chini ya mgunga, mwalimu wangu nami tulimaliza siku kwa kutunga maswali. Tulitunga matatu tu, na yalituchukua saa mbili. Ndipo alipoelewa kwa nini watu hukimbilia orodha. La kwanza lina kifungu kifupi kuhusu familia inayotaka kuanza kumpakia punda mchanga mitungi ya maji, na mtoto anatakiwa aandike sentensi tatu za kuwashauri. Tulibishana sana kama swali hilo sasa litamwonea mtoto wa Kitengela. Mwalimu alisema punda wapo hata Kitengela, wanavuta mikokoteni ya maji kila siku. Mimi nilisema kumwona punda na kumfuga ni mambo mawili, kwa hiyo tukaongeza ndani ya kifungu yale ambayo mtoto anahitaji kujua kuhusu mgongo wa mnyama mchanga, ili asihukumiwe kwa asichofundishwa.

Amelipeleka darasani kwake, na nakala nyingine kwa mwalimu mwenzake wa Kitengela. Majibu ya Oltepesi ninayo hapa mezani, arobaini na kitu. Ya Kitengela hayajafika.